Kumfulia Winga wa Iraq

Nimestaafu. Klabu imenipa saa ya ukutani yenye nembo yake, nami nimeitundika chooni, mahali pekee nyumbani kwangu ambapo hakuna anayenihimiza. Nyinyi mlioachiwa chumba cha vifaa mmeniomba niwaandikie kazi ile inakwendaje. Vyeo sitavieleza kwa sababu sikupata, na mshahara sitauzungumzia kwa sababu za namna hiyohiyo. Nitaeleza kufua, kupanga na kuvumilia wachezaji. Na kwa kuwa kila tukionana mnaniuliza habari za Haidari, winga wa Iraq, nitamweleza huyo zaidi, ili mkishasoma mniache nipumzike.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilipofika Sydney kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua mashuka ya hospitali, upande wa Westmead, na huko ndiko nilikojifunza kwamba damu hutolewa kwa maji baridi. Ukiitia maji ya moto inang'ang'ania mpaka shuka lichakae. Elimu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye klabu ya mpira pale St Marys. Si klabu kubwa. Ni ya daraja lile la wachezaji wa nusu kulipwa, yaani mtu analipwa nusu na kuringa anaringa kamili.

Siku ya kwanza nilimkuta Vesna, mama mtu mzima wa Kikroatia, ambaye alikuwa amekaa katika chumba kile muda mrefu kuliko mashine za kufulia. Alinipa njumu zilizojaa tope, akaenda kunywa kahawa. Nikaziweka chini ya bomba, nikazisugua mpaka zikang'aa, kisha nikazianika juu ya hita na kusimama kando nikisubiri sifa. Aliporudi alizitazama kama anayetazama maiti.

"Nani amekufundisha?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Inaonekana."

Halafu akanifundisha, na nyinyi nawapa vilevile kama nilivyopewa. Tope liache likauke lenyewe. Gonganisha soli nje ya mlango, piga brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, jaza gazeti ndani, weka kivulini. Kwenye mshono tumia mswaki wa zamani. Jezi igeuze ndani nje, ifue kwa maji baridi, usitie kilainishi, wala usiikaushe kwa mashine, maana zile namba hubandikwa kwa moto na kwa moto hubanduka. Vesna alipoondoka aliniachia brashi zake na usia mmoja, kwamba wachezaji niwapende kwa kiasi. Nilijitahidi.

Haidari alikuja mwishoni mwa kiangazi, korona ikiwa bado ni habari ya nchi za watu. Mkurugenzi wetu, Brett, alikuwa ameamka siku moja na wazo, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi. Wairaki wamejaa magharibi ya Sydney. Basi alete winga aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Iraq, na majukwaa yatajaa. Siku ya kumtambulisha yalikuja magari na magari ya akina baba wa Kiiraki, ngoma, bendera, sinia za vitamu vya tende, hadi mlinzi wa geti akabebwa juujuu kwa kudhaniwa ni kocha. Brett alitabasamu siku nzima. Haikupita muda serikali ikapiga marufuku watu kuingia viwanjani. Tulikuwa tumenunua mtu wa kuvuta umati, na umati ukafungiwa nyumbani.

Haidari mwenyewe alizaliwa Basra na kukulia kwenye viwanja vya vumbi. Aliitwa timu ya taifa angali kijana, akazunguka vilabu vya Ghuba, akaumia, akapona, akaumia tena. Alipofika kwetu alikuwa anaelekea mwisho wa safari, ila hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa na bao moja alilowahi kufunga dhidi ya majirani zao, na alilisimulia kila alipopata msikilizaji. Mara ya kwanza nilipolisikia alikuwa amewapiga chenga mabeki wawili. Kufikia majira ya baridi walikuwa wanne, na kipa alikuwa amekaa chini analia.

Tuliongea Kiingereza, changu cha Tanga na chake cha Basra, na Waaustralia walikuwa wakituomba tutafsiriane. Aliniita *ami*, kama sisi wa pwani tunavyomwita baba mdogo, na kwa neno hilo alipata mengi ambayo wengine hawakupata. Soksi, kwa mfano. Winga huyu hakuvaa soksi nzima. Alitaka nikate nyayo, nibakishe shingo, avae soksi zake nyembamba kwa ndani na kufunga kwa utepe juu ya kifundo. Alidai mguu unasikia mpira vizuri zaidi. Kila wiki nilichukua mkasi na kuharibu soksi mpya kabisa, mimi niliyefunzwa kushona mashuka ya hospitali yaliyochanika. Kwenda mbele alikuwa radi. Kurudi kukaba aliona ni kazi ya watu wasiokuwa na vipaji.

Korona ilipokaza, tukaletewa kanuni. Mchezaji aje uwanjani ameshavaa. Chumba cha kubadilishia kifungwe. Na kila mmoja afue jezi yake nyumbani kwake. Nilisoma kanuni ile ya mwisho mara kadhaa, nikiwaza wanaume wazima wasiojua mlango wa mashine unafungukia upande gani. Nikawatumia maelezo kwenye simu, nikarudia, nikapiga mstari chini ya maneno maji baridi. Wiki ya kwanza beki wetu alikuja na jezi ya waridi, golikipa akaja ananukia kitunguu, na Haidari akateremka kwenye gari akiwa ndani ya nguo ambayo sikuitambua mara moja.

Ilikuwa jezi yetu. Alikuwa ameichemsha, kisha akaikausha kwa mashine mpaka ikasinyaa. Kitovu kilikuwa nje. Namba kumi na moja ilikuwa imejikunja na kubaki mistari miwili iliyolala.

Ndayi, mchua misuli wetu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, alikaa chini kwa kicheko. "Mzee, uyu ni winga ao ni bébé? Vraiment, mama yake amuvalishe kofia!"

"Nimefuata maelezo yako, ami," Haidari akasema, amenuna.

"Maelezo yangu yapi yamesema kuchemsha?"

"Mama yangu huchemsha nguo za wagonjwa. Huu si ugonjwa?"

Nilimvua, nikampa ya akiba, nikaamua kuanzia siku hiyo yake nitaifua mimi, kanuni itanisamehe. Wote wawili tulikuwa tunakaa Quakers Hill, mitaa miwili mbali, hivyo alikuwa akiniachia mfuko kwenye ngazi, anagonga, anarudi nyuma kama mwizi anayeomba radhi. Ndivyo nilivyomjua mkewe Zahra, maana mara nyingi ndiye aliyeuleta. Zahra alikuwa mwanamke wa maneno machache. Huko kwao alikuwa anafundisha hesabu. Hapa alikuwa anasubiri vyeti vyake vitambuliwe, na kumtazama mumewe akiyapiga chenga mapipa ya taka barabarani. Mapipa hayo alikuwa ameyapanga kwa mfumo wa mabeki wanne. Jirani mmoja aliita polisi.

Ligi ilipofunguliwa tulicheza mbele ya makaratasi. Brett alikuwa amewataka mashabiki watume picha zao, zikachapishwa kwenye maboksi na kuketishwa vitini. Akina baba wa Kiiraki walituma picha nzuri za harusini, wamevaa suti, kwa hiyo jukwaa la kusini lilifanana na mkutano wa mabalozi. Haidari alifunga katika mechi ya kwanza. Akaenda mbio hadi kwenye jukwaa lile, akapiga goti, akafungua mikono, akaibusu jezi. Upepo ukavuma, mabalozi wakaanguka kifudifudi, mstari mzima. Alibaki pale amepiga goti, hajui aondoke au aendelee.

Nilicheka mpaka nikavua barakoa. Ila baadaye, nikimfungua utepe miguuni, aliniuliza kama nadhani huko kwao kuna mtu aliyeliona bao lile. Nikamwambia bila shaka wapo. Ulikuwa uongo, na hata yeye alijua.

Sasa nifike kwenye lile mnaloniuliza.

Ilikuwa mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, vuli ya huku kwetu. Sydney ilikuwa imetulia kidogo, watu wamerudi viwanjani, na mipaka ya Australia ilikuwa bado imefungwa kwa kufuli. Asiye na sababu nzito haruhusiwi kutoka, na aliyetoka anarudi pale tu ndege itakapopata nafasi, akifika anafungiwa hotelini. Katikati ya hali hiyo simu ikamjia Haidari kutoka kwao. Timu ya taifa ina mechi za kufuzu Kombe la Dunia, wachezaji wanapukutika kwa korona, mawinga wamepungua, aje kambini. Zahra alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto alitarajiwa katikati ya majira ya baridi.

Brett alimwachilia siku ileile. Kocha alitaka kubisha, akanyamazishwa. Mkurugenzi alikwishaiona kichwani picha ya kuweka kwenye ukurasa wa klabu: kijana wetu Kombe la Dunia. Alimleta Haidari mbele ya kamera, akamvika kofia ya klabu, akamkumbatia kinyume cha kanuni zote. "We're a family here, mate," alisema. Katika hotuba nzima hakuuliza habari za familia ya Haidari. Akina baba wa Kiiraki nao wakaanza kupiga simu, kila mmoja na machozi yake, taifa linakuita, taifa linakuita. Taifa lilikuwa na simu nyingi wiki hiyo.

Mimi peke yangu ndiye niliyemwambia asiende. Nilimkuta karakana ya nyumbani kwake anapanga njumu.

"Ukitoka, utarudi lini?"

"Mechi zikiisha tu. Nafungiwa hotelini, natoka, mtoto bado hajafika. Nitawahi, ami."

Huo ndio ugonjwa wa mawinga. Mpira ukirushwa mbele mno, kila mtu uwanjani anauona unatoka, wao bado wanaukimbilia. "Na ndege zikifutwa?" nikamwuliza.

"Nitawahi."

"Na Zahra abaki na nani? Mama yake yuko Basra. Dada zake wako Basra. Hapa ana wewe na mapipa yako ya taka."

Alikaa juu ya begi. Akaniambia hajawahi kuagwa timu ya taifa; aliumia tu, wakaacha kumpigia. Hakuna aliyemwambia hii ndiyo ya mwisho. Alitaka avae jezi ile mara moja akijua kwamba ndiyo ya mwisho. Nilimwelewa, na bado nilikuwa na hasira. Nikamgeukia Zahra, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono kiunoni, nikitegemea aseme lile ambalo mwanamke yeyote mwenye mimba angelisema.

"Aende," akasema. "Nimeshamwambia aende."

Nikadhani anajikaza mbele yangu. Nikarudi nyumbani nimefura, nikamweleza mke wangu, Mama Amina, ambaye ni mtunza wazee, na kwa hasira za watu huwa hana muda.

"Sasa wewe unamnunia nani, Baba Amina? Kesho nakwenda kumwona Zahra. Hospitali wanaruhusu one support person tu, sasa kama mumewe hayupo ataandika nani? Ataniandika mimi. I'll swap my shift."

Begi la Haidari nililipanga mimi. Mtunza vifaa hapangi nani aende; anapanga begi. Nikamwekea njumu za nyasi kavu na za mvua, kamba za akiba, mafuta ya mgando, tepe mbili, na soksi zilizokatwa nyayo, zimekunjwa pea pea. Nilizikata vizuri kuliko wakati wowote. Hasira ina faida zake.

Mechi alizitazama akiwa benchi. Nawaambia kama nilivyoona, kwa sababu tulikuwa tunaangalia mimi na Ndayi kwenye simu, tumeiegemeza kwenye chupa ya dawa ya misuli. Mechi ya kwanza hakuvua hata fulana ya mazoezi. Ya pili kocha alimwinua kipindi cha pili akapashe misuli. Akapasha. Akakimbia kando ya mstari kwenda na kurudi, magoti juu, mikono juu, anamtazama kocha, anakimbia tena, mpaka kipyenga cha mwisho kikamkuta huko kwenye kibendera cha kona. Mtangazaji alilitaja jina lake mara moja, na alikosea.

"Ametoka Australie yote, kwenda kufanya jogging," Ndayi akasema. Hatukucheka.

Kisha yakatokea yote niliyoyasema, na msidhani nilifurahi. Korona ikaingia Sydney kwa kishindo, tukafungiwa, nafasi za ndege za kurudi zikakatwa nusu. Tiketi yake ikafutwa, akapewa nyingine, nayo ikafutwa. Akahamia kwa mama yake Basra, akawa anapiga simu kutoka juu ya paa. Mtoto wa kike akazaliwa Westmead mchana wa Julai, Mama Amina ameshika mkono wa Zahra kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Haidari yumo ndani ya simu anapiga kelele, "Sogeza kulia! Kulia! Sioni!" Mke wangu alimjibu, kwa Kiswahili safi, maneno ambayo mpaka leo hayajatafsiriwa.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Helikopta zilizunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi kama tumeiba benki, huku Brett akitutumia video za kututia moyo kutoka nyumba yake ya ufukweni, sote tuko pamoja katika hili. Zahra alilea peke yake. Tulikuwa tukimwachia chakula ngazini, anatupungia dirishani na mtoto begani, nywele hazijachanwa. Mama Amina alisimama kwenye nyasi akimfundisha kwa sauti jinsi ya kumcheulisha. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikitunga hotuba. Niliitunga kwa miezi, nikaipunguza, nikaiongeza, nikaitilia maneno makali. Nilipanga kumpa Haidari hotuba hiyo siku atakayokanyaga Quakers Hill.

Alikanyaga Novemba, mipaka ilipofunguliwa. Alikuwa amekonda na kufuga ndevu. Alipoingia tu Zahra alimpa mtoto, mtoto akazitazama zile ndevu, akakunja uso, akatoa mlio ambao hata mimi kwa mashabiki sijausikia. Haidari akamrudisha haraka kwa mama yake, kama mpira unaochoma. Kila siku ikawa hivyo. Anampokea, mtoto analia, anamrudisha.

Jumamosi moja mchana akatualika uani kwake, mimi na Mama Amina. Zahra alikuwa amepika wali wa zabibu na kuku, anapakua kwa mkono mmoja, mtoto yuko kwenye nyonga. Akina baba wa Kiiraki walikuwa wameshakuja na kuondoka, wamemsifu sana kwa kulipigania taifa. Nikaona wakati umefika. Nikaanza hotuba yangu kwa upole, kama hotuba zote mbaya zinavyoanza.

"Haya, winga wa taifa. Umevuka dunia kwenda kukimbia kando ya mstari. Umekosa kuzaliwa kwa mtoto, na sasa hakujui. Mimi nilikwambia. Niambie na wewe, ilikuwa na maana?"

Mama Amina alinikanyaga chini ya meza. Haidari aliisogeza sahani yake kando.

"Wakinipigia leo, ami," akasema, "nitaenda tena."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nikafungua mdomo nimtolee hotuba yote, ile ndefu, yenye maneno makali.

"Najua," Zahra akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria. Hakupandisha sauti. "Ndiyo maana nilikwambia uende. Ungebaki, ungekuwa unamtazama mtoto huyu kila siku kama jeraha lililokunyima mechi ya mwisho. Nilipendelea uwe mbali na unampenda, kuliko uwe karibu na unamhesabia deni. Sasa umeshakwenda. Umepasha misuli yako. Mchukue."

Akamweka mtoto mapajani mwa Haidari, akaondoa mikono.

Mtoto akaanza. Alipiga kelele mpaka jirani, yuleyule aliyeita polisi, akachungulia juu ya uzio. Haidari akainua macho kwa Zahra, mikono yake tayari imeshaanza kumrudisha, na Zahra hakunyoosha wake. Basi akasimama. Akaanza kutembea naye uani, kutoka kwenye uzio hadi kwenye kamba ya nguo, akimwimbia kitu cha Kiarabu kwa sauti mbaya sana, mtoto analia, yeye anaimba, mtoto analia zaidi. Akafika kwenye kamba ya nguo, akageuka, akarudi naye.

Hotuba yangu niliimeza na chai. Sijawahi kuitoa na sikumbuki tena ilianzaje. Mama Amina akavuta kiti, akamsogezea Zahra sahani, na Zahra akakaa, akala wali wake ukiwa bado wa moto.